Shamba la mlimani, trekta gani?

SWALI: Shikamoo mzee wetu wa mashine. Niko Kilolo, nina heka 14, karibu nusu ni mteremko, chini kuna bonde linalotota maji mpaka mwezi wa tano, juu nilikata miwati mwaka juzi na visiki bado vimejaa. Nalima mahindi na viazi, parachichi heka 3. Hela yangu ni ya trekta moja tu. Kuna jamaa ana la Japani la mtumba, HP 24, 4WD (matairi yote manne yanavuta), linakuja na rotaveta yake, ile ya visu vinavyozunguka kusaga udongo. Kwa bei inayokaribiana napata la India lililotumika miaka michache, HP 50, linavuta kwa nyuma tu, lina plau ya diski 3. Kijiji kizima kinaniambia chukua kubwa. Nichukue lipi?
Msomaji, Kilolo

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene. Wanaokwambia chukua kubwa wanaangalia ile plau, mimi namwangalia atakayekaa kwenye kiti akishuka na tela la viazi mwezi wa tatu, barabara nyekundu imelowa inateleza kama mlenda.

Kinachotokea ni hivi. Trekta la kuvuta nyuma, ukikanyaga breki zinashika matairi ya nyuma peke yake, na hata ukiachia injini ikuzuie kwa gia inazuia hayohayo ya nyuma. Sasa ukiwa unashuka uzito wote umeegemea mbele, nyuma kumekuwa kwepesi, afu tela nalo linakusukuma. Unaona kabisa matairi ya nyuma yamefunga hayazunguki, ila trekta linaenda tu. La 4WD ukiwa umeshaingiza ya mbele, mbele na nyuma zimeungana kwa shafti, kwa hiyo yote manne yanakuzuilia. Watu wengi wanadhani 4WD ni ya kupandia na kutokea kwenye tope, kwetu huku mimi naithamini zaidi kwenye kushuka. Ila uiingize ukiwa bado juu, gia nzito umeshachagua, na ukianza kushuka usiguse klachi hata kidogo, manake ukikanyaga klachi umelifungulia trekta lijiendee.

Kwa hiyo kati ya hayo mawili mimi nipo kwa hilo dogo. Lakini sio kwa macho yamefumbwa.

Kwanza hizo HP 24 sio 24 ukiwa kwako. Injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi, dizeli haiungui vizuri. Kama shamba liko kwenye mita 1,900 au 2,000 hesabu una kama 20 tu mkononi. Hizo zinazungusha rotaveta kwenye udongo ulioshalimwa, zinafyeka nyasi kwenye parachichi na kuvuta tela la kiasi, ila kufumua ardhi mpya ya udongo mwekundu kwa plau ya diski, hapana, utaua injini bure. Pale pa tambarare kodisha trekta kubwa mara moja lifumue, mwaka unaofuata dogo linaendelea lenyewe. Pale pa mwinuko mkali weka maksai au jembe la mkono, na ulime kukingama na mteremko udongo wako usiishie bondeni.

Utajuaje ni mwinuko mkali? Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji ya fundi mwashi. Laza ubao kuelekea chini ya mteremko, ncha ya juu iguse ardhi, inua ya chini mpaka pima maji ikae sawa, afu pima kutoka ardhini mpaka kwenye ncha uliyoinua. Ikizidi sentimita 40, mimi hapo siendeshi trekta kwa ubavu, liwe dogo liwe kubwa, na kwa udongo uliolowa naogopa hata 30. Pima sehemu kadhaa, hasa karibu na mashimo na visiki, kwa sababu tairi la juu likipanda kisiki na la chini likaingia shimo, mteremko umeongezeka ghafla.

Na haya ya Japani mengi ni membamba, yametengenezwa kwa majaruba ya mpunga. Angalia kama rimu za nyuma zinageuzwa ili matairi yatanuke, mengi yanakubali. Mengine yanawekwa maji ndani ya tairi za nyuma mpaka robo tatu, uzito unakaa chini, trekta linatulia.

Sasa hili ndo naomba unisikilize kuliko yote. Nenda kaangalie kama lina ile fremu ya chuma imara nyuma ya kiti, na mkanda. Yaliyotoka Japani zamani mengi hayana. Nikiwa kijana nilikuwa utingo wa trekta upande wa Mufindi, dereva wetu akafunga mnyororo kwenye kisiki cha mti, upande wa pili akaufunga kwenye ule mkono wa juu wa kubebea plau badala ya kwenye boriti ya kuvutia kule chini. Akaachia klachi. Kisiki hakikutoka, matairi ya nyuma yakagoma kuteleza, mbele kukanyanyuka, na kabla sijamaliza kuita jina lake trekta lilikuwa limeshamlalia mgongoni mwake. Sekunde mbili hazikufika. Halikuwa na fremu. Tulimzika keshokutwa yake, na mimi mpaka leo trekta lisilo na fremu sipandi. Kama hilo la jamaa halina, ulizia fundi anayejua kazi bei ya kutengeneza, chuma kinene kimefungwa kwa bolti kwenye ekseli yenyewe sio kwenye madigadi, iongeze kwenye bei ya kununulia. Fremu ikiwepo, mkanda ufungwe kila siku, bila mkanda unarushwa nje inakuja kukuponda fremu hiyohiyo. Visiki vyako vichimbeni kwa mikono, mkate mizizi, na ikibidi kuvuta, funga chini kwenye boriti tu. Rotaveta usiipeleke huko kabla havijaisha, visu vitakatika vyote.

Ukienda kulikagua usiangalie rangi wala ile saa ya kuhesabia masaa, inabadilishwa. Inama mbele uone pale tairi linapoungana na ekseli kama oili inavuja, hayo matrekta yameishi kwenye maji ya jaruba na sili za mbele ndo zinaanza kufa. Fungua kizibo cha oili ya giaboksi, ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia. Liwashe likiwa la baridi, asubuhi, usikubali kukuta limeshawashwa.

Afu kabla hujatoa hata shilingi, andika modeli yake kwenye karatasi, zunguka maduka ya spea Iringa mjini na Mafinga, ulizia filta ya dizeli, sili za mbele na tairi. Modeli nyingine ziliuzwa Japani tu, spea ni mpaka uagize. Hapa la India linashinda wazi, spea zake unazikuta. Ukikosa vyote vitatu, achana nalo, na usikimbilie hilo la HP 50 kwa hasira. Kodisha msimu mmoja, tunza hela, tafuta 4WD ya HP 35 mpaka 45 yenye fremu, hiyo ndo saizi ya shamba lako. Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale Mbeya utayaona mengi, kaa kwenye kiti, jaribu pedali, uliza.

SWALI: Ugonile kaka. Nimenunua pawatila, katrekta ka matairi mawili ka kutembea nako kwa nyuma, Usangu nikaileta huku Rungwe. Ikiwa inashuka, nikibana ule mkono wa klachi wa kushoto kwenye usukani inakata kulia, nusura iniingize kwenye migomba. Kwenye tambarare iko sawa. Fundi anasema niibomoe.
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Usiibomoe, haina ubovu. Ukibana mkono wa kushoto unakata nguvu ya tairi la kushoto. Kwenye tambarare tairi hilo linabaki nyuma, mashine inakata kushoto. Kwenye mteremko injini ndo inayazuia matairi, kwa hiyo ukikata la kushoto linakuwa huru, linakimbia kuliko mwenzake na mashine inakata kulia. Kule Usangu ni tambarare tupu, aliyekuuzia huenda hajawahi kukutana nalo. Ukishuka weka gia namba 1, usibane mkono wowote, geuza kwa kusukuma usukani kwa mwili, na kona kali imalize kabla hujaanza kushuka. Yeyote utakayempa aendeshe mwonyeshe hilo kwanza, bila tela, kwenye kimteremko kidogo.