Fedha za mama hupungulia wapi njiani?

SWALI: Mhariri, mimi ni muuguzi Hamburg, na kila mwezi humtumia mama yangu aliyeko Kisumu yuro 200 kupitia benki. Ada hukatwa kwangu, lakini mama hupokea pungufu. Kwa nini?

JIBU: Dada yetu, fedha zitumwazo kwa SWIFT, mtandao unaounganisha benki za nchi mbalimbali, mara nyingi hupitia benki za kati, ambazo kila moja yaweza kujikatia ada yake, ndiyo maana fomu hukuuliza nani atakayelipa gharama, na ukichagua OUR unazibeba wewe zote ili mama asikatwe njiani.

Hata hivyo, linalonisikitisha zaidi ni kiwango cha kubadilishia, kwa kuwa hasara yake haiandikwi popote kama ada. Tuseme yuro moja sokoni ni shilingi 150, nawe ukapewa 145: katika yuro 200, shilingi 1,000 zimekwisha kutoweka, na hizo ni nauli ya mama kwenda kliniki. Kabla ya kutuma, uliza shilingi ngapi hasa zitamfikia, kisha linganisha jibu hilo na la kampuni zenye leseni zinazotuma moja kwa moja kwenye M-Pesa yake.