Mama kijacho, malaria huna lakini homa unayo

Mama kijacho mwenzangu, homa ikikupanda na kipimo cha malaria kikaonyesha huna, usirudi nyumbani ukalala. Mengine yote nitakayosema yanafuata hilo.

Mimba yangu ya pili niliilea Pasua, hapa Moshi, masika yakiwa yamekolea. Homa ilinishika ghafla, kichwa kikiuma hadi nyuma ya macho, vidole vimekaza kiasi cha kushindwa kufungua chupa ya maji. Malaria haikuonekana. Dukani nikashauriwa ninywe diklofenaki ya kutuliza viungo. Mama mkwe ndiye aliyekataa: "Mwanangu, hiyo humezi mpaka mkunga akuone." Tukaenda kliniki siku ileile. Mkunga alinipima presha, akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, akanipa parasetamoli na rufaa ya kupimwa damu hospitali. Alinieleza kuwa dengi na chikungunya, magonjwa ya virusi yanayoenezwa na mbu, hufanana sana siku za mwanzo, na kama ni dengi, diklofenaki, aspirini au ibuprofeni huongeza hatari ya kutoka damu. Mama mjamzito hana sababu ya kubahatisha hapo. Chembe sahani zangu, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikutwa sawa na homa ikaisha, ila vidole viliendelea kuuma kwa muda mrefu. Daktari aliona inaelekea ilikuwa chikungunya.

Wala si ugonjwa wa kusimuliwa kutoka mbali. Virusi vya chikungunya vilitambuliwa hapahapa Tanzania, baada ya mlipuko wa 1952 kwenye uwanda wa Makonde. Na mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa wa homa waliolazwa KCMC na Mawenzi, hospitali zetu za hapa Moshi: zaidi ya nusu walidhaniwa wana malaria, lakini waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 katika 100. Waliopimwa chikungunya, karibu 8 katika 100 walikuwa nayo. Hii haina maana uache chandarua au vidonge vya SP vya kukinga malaria unavyopewa kliniki. Malaria bado inaua mama na mtoto. Ila haiko peke yake.

Mbu anayeeneza dengi, chikungunya na Zika ni Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huyu anauma mchana, zaidi asubuhi na jioni kabla ya giza, wakati umekaa uani unachambua mboga. Chandarua cha usiku hakimgusi. Ukijilaza mchana, shusha chandarua. Vaa gauni refu na soksi, na paka dawa ya kufukuza mbu yenye DEET, ambayo mjamzito anaruhusiwa kutumia kwa kufuata maelezo ya kopo.

Tena mbu huyu hahitaji bwawa. Anataka maji yaliyotulia karibu na watu, na sisi tunaokinga maji kwa sababu ya mgao tunamfugia wenyewe. Funua diaba lililokaa wiki nzima, uinamie: kivuli chako kikipita juu ya maji, utaona vijidudu kama vipande vya uzi vinazama kwa kujinyonganyonga. Hao ni mbu wa wiki ijayo. Kumwaga maji tu hakutoshi, maana mayai hubandikwa ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Lazima usugue kwa brashi, kila wiki, ndipo ujaze na kufunika. Angalia pia kisahani cha chungu cha maua, tairi lililotupwa nyuma ya choo, na kopo la maji ya kuku. Mimba ikiwa kubwa, mwambie baba watoto asugue yeye.

Zika inataka neno la peke yake. Virusi vyake vilionekana kwanza Uganda mwaka 1947, lakini dunia ilishtuka Brazili mwaka 2015, watoto wengi walipozaliwa na vichwa vidogo na ubongo usiokua vizuri. Mama mwenyewe anaweza asihisi chochote. Tena hupita kwa kujamiiana, kwa hiyo mumeo akitoka safari ya nchi yenye Zika, tumieni kondomu mpaka ujifungue. Ni mazungumzo magumu, najua, lakini yafanyeni.

Kwa upande wa dengi, mimba huweza kuishia kwa mtoto njiti, na damu nyingi huweza kutoka wakati wa kujifungua. Hatari yake mara nyingi huja homa inaposhuka, wakati ndugu wanasema umepona. Tumbo likiuma sana, ukitapika bila kukoma, damu ikitoka puani, kwenye fizi au ukeni, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na ukishikwa na homa siku za karibu na kujifungua, waambie wakunga kabla hawajakupeleka kitandani. Chikungunya hupita kwa mtoto zaidi mama anapojifungua akiwa na virusi damuni, na mtoto anaweza kuzaliwa mzima kabisa, kisha ndani ya wiki ya kwanza akapata homa na kugoma kunyonya. Omba mwangaliwe kwa siku kadhaa kabla ya kuruhusiwa. Kunyonyesha endelea. Ukiwa nyumbani, mtoto akilegea au akikataa titi, mrudishe hospitali na useme wazi: nilijifungua nikiwa na homa.