Geuza Kwanza Nyuma: Kuchunguza Picha Kuukuu za Nairobi

Watu wakiniletea picha za kina nyanya zao, swali huwa moja: "Huyu ni nani?" Hilo mimi huliweka mwisho. La kwanza ni mwaka. Ukiupata mwaka, hata kwa kukadiria, utajua ni mzee gani wa kumwendea na umwulize nini. Bila hivyo utazunguka mtaa mzima ukionyesha sura, na kila mtu atakwambia inafanana na jamaa yake.

Picha na postikadi zangu nyingi nimezipata kwa wauza vitabu kuukuu wa kando ya barabara, nyingine zikiwa zimesahauliwa katikati ya kurasa. Jina la mtu ni nadra kulikuta. Kwa hiyo kazi ni kuibana picha pande mbili: ni mwaka gani ambao haiwezi kuwa imepigwa kabla yake, na ni upi ambao haiwezi kuwa imepigwa baada yake.

Igeuze nyuma basi. Stempu zenye maandishi East Africa and Uganda Protectorates zilitolewa kuanzia 1903 hadi 1922. Zikafuata za Kenya and Uganda, na kuanzia 1935 zikaja za Kenya, Uganda, Tanganyika. Sura ya mfalme au malkia aliye juu ya stempu inapunguza miaka zaidi. Angalia pia mstari unaogawa mgongo wa kadi, ujumbe upande mmoja na anwani upande mwingine. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo 1902. Kabla ya hapo mgongo ulikuwa wa anwani tu, na salamu zilibanwa ukingoni mwa picha. Ila muhuri wa posta unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Kadi iliweza kukaa dukani miaka mingi kabla ya kununuliwa. Muhuri ni mpaka wa juu, basi.

Mpaka wa chini unaupata mbele, kwenye majengo. Sanamu za askari watatu pale Kenyatta Avenue zilizinduliwa 1928. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931. Jumba la mikutano la KICC lilikamilika 1973, na baada ya hapo ni kama kila mgeni wa Nairobi alipigwa picha akiwa amesimama mbele yake. Ukiwa na postikadi yenye wale askari watatu na stempu ya Mfalme George wa Sita, umeshaifunga kati ya 1928 na miaka ya mwanzo ya hamsini, na hujamsumbua mtu yeyote. Majina ya barabara nayo yanasaidia: Delamere Avenue ya zamani ndiyo Kenyatta Avenue ya leo, Government Road ni Moi Avenue, Hardinge Street ni Kimathi Street, na Victoria Street ni Tom Mboya.

Maandishi yaliyochapwa chini ya picha ndiyo ninayoyaamini kidogo kuliko yote. Wachapishaji waliuza watu wetu kama sampuli: "mwanamke wa Kiswahili", "shujaa wa Kimasai", bila jina, na mara nyingine picha hiyo hiyo ilirudi sokoni ikiwa na kabila jingine. Rangi nazo zisikudanganye. Kadi nyingi za wakati ule zilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kisha zikapakwa rangi ng'ambo na watu ambao hawakuwahi kukanyaga hapa. Ukiona mabati ya Nairobi yamekuwa mekundu kama vigae vya Ulaya, tabasamu tu uendelee.

Kwa kadi za matangazo, tafuta bei. Rupia ilitumika hapa mpaka 1920, ikaja florini kwa muda mfupi sana, kisha shilingi. Tangazo la sabuni lenye bei ya rupia limejitaja umri wake. Bidhaa nayo ina kuzaliwa kwake: Kenya Breweries ilianza 1922, na bia ya Tusker ikafuata mwaka mmoja baadaye. Kama duka lenyewe limekufa na hakuna anayelikumbuka, nenda kwenye magazeti ya zamani. East African Standard lilianzia Mombasa 1902, likiitwa African Standard, chini ya A. M. Jeevanjee, na likahamia Nairobi 1910. Wenye maduka walitangaza humo, mara nyingi wakitaja na mtaa. Kwa karatasi za serikali na picha, kuna Nyaraka za Taifa pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Nenda asubuhi, na uende na swali moja lililonyooka. Ukimwambia mhudumu unatafuta "picha za zamani", atakuonea huruma lakini hatajua akuletee nini.

Kwenye intaneti, ipitishe picha kwenye Google Lens au TinEye, zana zinazotafuta mtandaoni picha zinazofanana na yako. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyiko wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na unaweza kuutazama ukiwa nyumbani. Kata sehemu moja tu ya picha, kwa mfano paa au kibao cha duka, uitafute peke yake. Mara nyingi kipande huleta kilichokosekana kwenye picha nzima.

Picha za familia zina alama zake. Namba ya gari inayoishia na herufi, mfano wa KAA 001A, ilianza 1989. Gari lenye herufi tatu na tarakimu tu ni la usajili wa kabla ya hapo. Nyuma ya picha ya studio tafuta muhuri wa mpiga picha, hata kama umefifia. Uinamishe kwenye mwanga wa dirisha, utausoma.

Sasa ndiyo uende kwa wazee, na hapa ndipo nakawia. Usimpe mzee sura akutajie jina. Mwulize vitu: kiti hiki, viatu hivi, pazia lile la studio lenye ngazi za kuchora. Nilikuwa na picha ya wanawake watatu waliovaa leso za aina moja. Nikaipeleka Pumwani kwa bibi mmoja wa mtaa wa Majengo. Sura hakuzitambua hata moja. Lakini aliishika karibu na macho akasema, "Hawa wamevaa sare, mwanangu. Hapo pana arusi. Usiulize ni kina nani, uliza mwaka huo aliolewa nani." Studio niliijua kwa muhuri na miaka nilikuwa nimeshaibana, kwa hiyo swali lake lilikuwa na pa kushika. Wakaketi wenzake watatu, wakabishana kuhusu arusi mbili kuanzia adhuhuri hadi alasiri, na wawili kati ya wale wanawake wakapata majina. Wa tatu bado.

Nenda na nakala kubwa iliyochapwa, maana simu huwachosha wazee macho. Omba ruhusa kabla ya kurekodi. Na kama ni picha ya miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, 1952 hadi 1960, halafu mzee akaiweka chini kimya, iache hapo hapo. Wapo waliopoteza watu ambao hata leo hawatajwi nyumbani, na udadisi wako hauwapi deni la kukujibu.

Mwisho ni kutunza. Skani pande zote mbili, kwa dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi) ukiweza. Andika nyuma kwa penseli laini, ukingoni. Kalamu ya wino hupenya, na selotepu huacha madoa yasiyotoka. Kando ya kila jina andika limetoka kwa nani na siku gani, kwa sababu mzee wa pili atakwambia jingine, na utahitaji kujua yupi alisema nini. Ukimpata mwenye jamaa kwenye picha, mpe nakala. Akitaka ile yenyewe, mimi humwachia.