Daktari wa simu: ukubali au ukatae?
Umeuliza kama ukatae miadi ya simu na daktari wako wa mtaa hapo Uingereza. Inategemea unaumwa nini, ndugu. Dawa ya presha ikiisha au ukitaka majibu ya damu, simu inatosha, na huna haja ya kuomba ruhusa kazini. Tumbo ni habari nyingine: halibonyezeki kwa simu, na madaktari wenyewe wanahofia kupitwa na jambo. Sema wazi unataka kuonwa ana kwa ana. Upele? Piga picha dirishani, mwanga wa taa hudanganya. Na Kiingereza cha simu kikikupiga chenga, omba mkalimani, NHS (huduma ya afya ya umma ya huko) hailipishi. Usimpe mtoto akutafsirie. Mengine hayasemwi mbele yake.