Maswali na majibu: kusafisha rejista kwenye draiva ya kadi ya mtandao

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja: faili la heda lenye mamia ya mistari ya `#define`, na mtu aliyepewa kazi ya kulisafisha. Kwa msomaji aliye nje ya fani, kadi ya mtandao huamrishwa na draiva, yaani programu inayoiendesha, kwa kusoma na kuandika rejista zilizomo ndani ya chipu. Kila rejista ina anwani yake, na kila biti ndani yake ina kazi. Faili la heda ndilo linalozipa anwani na biti hizo majina. Mifano yangu mingi inatoka kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, kwa kuwa huko msimbo uko wazi kwa kila mtu kuuchungulia.

Draiva niliyorithi imejaa 0x04000000 na 0x2 katikati ya msimbo. Nianzie wapi?

Anza na mwongozo wa chipu, kihariri baadaye. Chukua kadi za Intel za familia ya e1000. Rejista ya CTRL iko kwenye ofseti (umbali toka mwanzo wa rejista zote) 0x00000, na 0x04000000 ndani yake ni biti ya 26, RST, inayoianzisha chipu upya. Sasa tazama 0x2. Kwenye STATUS, ofseti 0x00008, inasema kiungo cha mtandao kimeunganika. Kwenye RCTL, ofseti 0x00100, namba hiyohiyo inawasha upokeaji wa pakiti. Ukitafuta 0x2 faili zima na kuibadilisha kwa mkupuo mmoja, umekwisha.

Kwa hiyo nenda rejista moja baada ya nyingine. Andika ofseti, kisha chini yake biti zake zote kwa kuzisogeza ndani kidogo, kisha ndiyo upite kwenye msimbo unaoigusa rejista hiyo pekee. Jina lichukue kwenye mwongozo hata kama ni baya. Mtu atakayekuja na hitilafu miaka mitano ijayo atakuwa na mwongozo mkononi, na jina zuri ulilolitunga wewe halimo humo. Kama mwongozo haupo, biti ambayo hujui kazi yake iite kwa namba yake tu. Jina la kubahatisha ni baya kuliko namba tupu, maana namba tupu haimdanganyi mtu.

Mwalimu, kuna faida gani ya kweli ya BIT() na GENMASK()? Naona kama ni mapambo.

Si mapambo, ingawa wapo wanaozitumia hivyo. Ni makro za kerneli, majina yanayogeuzwa kuwa msimbo kabla ya kujengwa. `BIT(26)`, namba yenye biti ya 26 pekee ikiwa imewashwa, unailinganisha na mwongozo kwa jicho moja. 0x04000000 inakulazimisha kuhesabu sufuri. Zaidi ya hapo, watu wengi huandika `1 << 31` bila kujua kwamba 1 kwenye C ni namba yenye alama (inaweza kuwa hasi), na kuisogeza hadi biti ya 31 kwenye int ya biti 32 ni jambo ambalo lugha yenyewe haikuliwekea kanuni. `BIT()` hutumia unsigned long, namba isiyo na alama, kwa hiyo tatizo hilo huondoka. Linakuja lingine dogo: kwenye mashine ya biti 64, `~BIT(3)` ina upana wa biti 64, na kompaila inaweza kulalamika ukiipeleka moja kwa moja kwenye `writel()`, inayoandika biti 32 kwenye rejista. Lalamiko hilo lisome kwanza kabla ya kulinyamazisha.

`GENMASK()`, inayowasha biti kadhaa zinazofuatana, huanza na biti ya juu: `GENMASK(7, 4)` ni 0xf0. Ukiandika namba hizo mbili kinyume, nazo ni za kudumu, kerneli za siku hizi hukataa kujengwa, na ni afadhali.

Utamu wenyewe uko kwenye `FIELD_GET()` (kusoma sehemu ya rejista) na `FIELD_PREP()` (kuiandaa kuandikwa) za `linux/bitfield.h`. Jozi za zamani za _MASK na _SHIFT zinabaki kitu kimoja, maski (namba inayoonyesha biti za sehemu hiyo), na hesabu ya kusogeza inafanywa na makro. Ila hapa ndipo draiva nyingi huvunjwa na watu wenye nia njema. Kwenye STATUS ya e1000, kasi ya kiungo iko kwenye biti ya 7 na ya 6, yaani `GENMASK(7, 6)`. Katika heda ya zamani, megabiti 100 imeandikwa 0x40 na megabiti 1000 imeandikwa 0x80, yaani thamani zikiwa tayari mahali pake ndani ya rejista. `FIELD_GET()` huishusha sehemu hiyo hadi biti ya sifuri, hivyo inakurudishia 0, 1 au 2. Ukibadilisha usomaji ukasahau kubadilisha thamani, unalinganisha 1 na 0x40. Hailingani milele, na msimbo utajengwa bila neno. Maski na thamani zake zihame pamoja, kwenye kiraka (fungu la mabadiliko) kimoja.

Mwenzangu anasema tutumie struct zenye sehemu za biti, msimbo utasomeka vizuri zaidi. Amekosea?

Utasomeka vizuri, ndiyo. Lakini C inaiachia kompaila iamue biti zipangwe kwa mfuatano gani ndani ya struct (fungu la data lenye sehemu zenye majina), na mashine zinazoanza na baiti kubwa kwa kawaida huzipanga kinyume. Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba ukiandika kwenye sehemu moja ya biti, nyuma ya pazia kompaila inasoma rejista nzima, inabadilisha, inaandika tena. Kwenye kumbukumbu ya kawaida haina neno. Kwenye rejista, kusoma kwenyewe ni tendo: ICR ya e1000, inayoorodhesha sababu za kikatizo (ishara ya chipu kwa kichakataji), hujifuta ukiisoma. Usomaji usiouona kwenye msimbo unaweza kumeza tukio ambalo hutajua kamwe kuwa lilitokea. Mwambie mwenzako hapana, kwa upole.

Kadi yetu ni ya RTL8139. Rejista nyingine ni za biti 8, nyingine 16. Naweza kuzileta zote kwenye biti 32 ili kuwe na utaratibu mmoja?

Usithubutu. Kwenye chipu hiyo IntrMask, ya vikatizo vinavyoruhusiwa, iko 0x3C na IntrStatus, ya vilivyotokea, iko 0x3E, kila moja biti 16, zimeketi ubavu kwa ubavu. IntrStatus hufutwa kwa kuandika 1 kwenye biti husika. Andika biti 32 pale 0x3C na umegusa zote mbili. Nusu ya juu ikibeba 1 popote, matukio yaliyokuwa yanasubiri yamefutika kabla hujayashughulikia. ChipCmd, ya kuiamrisha chipu, nayo iko 0x37, biti 8, anwani ambayo haigawanyiki hata kwa mbili.

Upana ni sehemu ya tabia ya rejista kama ilivyo anwani yake. Uandike kwenye maelezo kando ya jina, pamoja na hizi alama nyingine mbili: inafutwa kwa kusomwa, au inafutwa kwa kuandikiwa 1. Kwangu mimi maneno hayo machache yana faida kuliko kupanga safu zote zikalingana.

Draiva ina majina yake binafsi ya rejista za PHY. Niyasafishe nayo?

Yafute. Rejista za msingi za PHY, sehemu inayoshughulika na waya wenyewe, zimewekwa na kiwango cha IEEE 802.3, na `linux/mii.h` tayari ina MII_BMCR (0), MII_BMSR (1) na nyinginezo. Hakikisha kwanza thamani zinalingana. Ila faili hilo lenyewe usilitie mkono: BMCR_RESET ni 0x8000 na iachwe hivyo, kwa sababu ni heda inayotumiwa pia na programu zilizo nje ya kerneli.

Nimekuta majina mia mbili yasiyotumika popote. Nayafuta?

Inategemea. Biti zisizotumika za rejista inayotumika, ziache. Ndizo zinazomwonyesha msomaji nini kingine kimo mle. Majina ya chipu ambayo draiva haijawahi kuihudumia, na majina mawili ya kitu kimoja, yaende.

Nitajuaje kwamba sijaharibu kitu? Nina kadi moja tu ya kujaribia, na draiva inahudumia aina nyingi.

Swali bora la safari hii. Ukibadilisha majina tu, msimbo wa mashine unaotoka unapaswa kuwa uleule. Jenga kabla, jenga baada, pitisha faili zote mbili kwenye `objdump -d`, inayoonyesha maagizo ya mashine, kisha linganisha. Taarifa za utatuzi zitatofautiana kwa sababu namba za mistari zimesogea, na makro kama `WARN_ON()` hubeba namba hizo pia, kwa hiyo tazama maagizo yenyewe. Ukihama kutoka `1 << n` kwenda `BIT(n)`, tofauti chache zinaweza kujitokeza kwa sababu aina ya namba imebadilika. Pitia moja moja. Kila tofauti ipate maelezo, na usiyoweza kuieleza irudishe ilivyokuwa.

Hii ndiyo sababu ya kutenganisha viraka: kimoja cha kubadilisha majina, kingine cha BIT(), kingine cha `FIELD_GET()`. Ukivichanganya, ulinganisho hausemi chochote. Na ukikutana na hitilafu ya kweli njiani, maana utakutana nayo, itengenezee kiraka chake na ukitangulize mbele ya usafi wote, ili wanaotunza matoleo ya zamani wakichukue bila kubeba mizigo yako.

Jambo dogo kuhusu `sed`, programu ya kubadilisha maneno kwa mkupuo: weka `\b`, alama ya mpaka wa neno, pande zote za jina. RX_CTRL imo ndani ya RX_CTRL2.

Nilituma viraka vya usafi kwenye netdev, vikakataliwa bila kuangaliwa kwa kina. Kwa nini wanatuvunja moyo?

Mwongozo wa netdev, orodha ya barua ya wajenzi wa mtandao wa Linux, unasema waziwazi kwamba usafi mdogomdogo usioambatana na kazi nyingine haupendelewi. Naungana nao. Kila kiraka hula muda wa mkaguzi, na kinafanya marekebisho ya baadaye yasiingie kirahisi kwenye matoleo ya zamani. Safisha eneo unalokwenda kulifanyia kazi: unaongeza chipu mpya, unapanga upya rejista zake, kisha chipu inafuata kwenye mfululizo uleule. Mfululizo usizidi viraka 15, na usitume wakati net-next, hazina ya msimbo mpya wa mtandao, imefungwa.

Rejista za foleni zinajirudia. Niandike makro moja yenye (n)?

Ndiyo, makro inayopokea namba ya foleni ya pakiti, n, ila thibitisha kwamba mpangilio haukatiki. Kwenye draiva ya igb, ya kadi nyingine za Intel, rejista ya RDBAL ya foleni nne za kwanza inaanzia 0x02800 na kupanda kwa 0x100. Kuanzia foleni ya nne, ukihesabu toka sifuri, hesabu inahamia 0x0C000 na hatua za 0x40. Makro yake inalazimika kuitazama n zaidi ya mara moja, kwa hiyo usiipe `i++`, ambayo huongeza i kila inapotazamwa. Na n izungushie mabano.

Nipange kwa alfabeti au kwa ofseti?

Kwa ofseti. Na usiunganishe vipande vya majina kwa `##` ya C, `grep`, programu ya kutafuta maneno, haitayaona.