Kwa mnaoanza na Duddingtonia, kuvu inayonasa lava wa minyoo: EPG (mayai ya minyoo kwa gramu ya kinyesi) haitashuka

Kila wakija wanafunzi wapya maabara, grafu ni ileile: EPG ya mbuzi waliolishwa kuvu iko juu sawa na ya wasiolishwa, na chini yake pameandikwa "kuvu haifanyi kazi". Jamani.

1. Duddingtonia flagrans haimgusi mnyoo aliye ndani ya mbuzi. Spora zake zenye ganda nene hupita tumboni salama, huota kwenye kinyesi na kutandaza nyavu za kunata, lava akanaswa kabla hajafika kwenye majani. Haemonchus jike, mnyoo mnyonya damu, huko tumboni anaendelea kutaga maelfu ya mayai kwa siku, hana habari. Kipimo cha McMaster huhesabu mayai. Ninyi hesabuni lava.

Kinyesi kitoke njia ya haja, si sakafuni kwenye minyoo huru wa udongo. Pima gramu 10 kwa kila mbuzi, wa kuvu na wa kulinganisha. Ponda, lowesha kishikane bila kuchuruzika, weka kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegea, nyuzi 25 hadi 27, siku 7 hadi 10. Vuna lava kwa Baermann (faneli ya maji ambamo lava hushuka chini). Halafu, na hapa ndipo wengi huruka, gawa L3 (lava wa hatua ya tatu, ile inayoambukiza) kwa mayai yaliyoingia kwenye chupa hiyo. Tuseme mbuzi wa kuvu ana EPG 600: mayai 6,000, lava 600. Mwenzake ana EPG 100: mayai 1,000, lava 500. Kwa macho, kuvu imeshindwa. Kwa hesabu, asilimia 10 dhidi ya 50: imepunguza lava kwa asilimia 80.

Sampuli isilale kwenye friji. Baridi huua mayai ya Haemonchus, ukabaki unaisifu kuvu kwa kazi ya friji.

2. Dozi ni spora 30,000 kwa kilo ya uzito, kila siku. BioWorma, bidhaa ya kuvu hii kutoka Australia, ina spora 500,000 kwa gramu, kwa hiyo mbuzi wa kilo 25 anapata gramu 1.5. Changanya na pumba, kisha simama uangalie horini: yule mnyonge anayesukumwa pembeni dozi yake ni sifuri, na ndiye mara nyingi mwenye minyoo wengi. Ukiacha kulisha, spora huisha kwenye kinyesi ndani ya siku chache.

3. FAMACHA (alama ya upungufu wa damu kwa rangi ya utando wa jicho) ni 4 au 5? Dawa ya minyoo leo hii, kuvu baadaye. Kwa tegu na minyoo ya ini, usiitegemee kuvu kabisa.