Mtende Mdogo wa Mapambo Nyanda za Juu Kusini: Tazama Mwinuko Kabla ya Kuchimba Shimo

Mtende mdogo wa mapambo, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix roebelenii, unauzwa sasa katika vitalu vingi vya maua vya Mbeya na Iringa, na karibu kila mnunuzi huelezwa kwamba ni mti usiosumbua. Maelezo hayo ni ya kweli kabisa kwa mtu anayeishi Dar es Salaam au Kyela. Lakini ukitoka Kyela asubuhi, ukapanda Tukuyu, ukapita Mbeya na kuendelea hadi Makambako na Njombe, utakuwa umevuka tabia za nchi kadhaa kabla jua halijazama, na mti uleule hauwezi kutunzwa kwa namna moja katika vituo vyote hivyo. Mimi ninaukuza Mbeya mjini, na nimekuwa nikiwasaidia ndugu zangu walioupanda Kyela, Iringa na Njombe. Kutokana na kuilinganisha miti hiyo nimeamini kwamba kinachoamua hatima yake ni baridi ya usiku wa Juni na Julai pamoja na joto la udongo, na kwamba mbolea na maji huja baada ya hapo.

Asili ya mtende huu ni kingo za mto Mekong na mito mingine ya Laos, Vietnam na kusini mwa China, na ni ndugu wa karibu wa mkindu wetu unaoota kwenye mabonde yenye maji na kutupatia ukindu wa kusukia mikeka. Hukua polepole na kwa kawaida huishia kimo cha mita 2 hadi 3, jambo linaloufanya ufae kwa uwanja mdogo ambao mnazi au mchikichi ungeujaza. Ukikuta chungu chenye mashina matatu yaliyoinama kila moja upande wake, fahamu kwamba hiyo ni miche mitatu iliyooteshwa pamoja ili ipendeze. Kuitenganisha hukata mizizi mingi, kwa hiyo mimi huiacha kama ilivyo.

Ukanda wa Kyela uko chini, kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Mbeya uko karibu mita 1,700 na Njombe inakaribia mita 2,000. Kwa wastani hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi katika kila mita 1,000 unazopanda, na tofauti hiyo unaiona kwenye makuti. Kyela mtende huu hutoa kuti jipya baada ya jingine mwaka mzima, na kwa kuwa kwao ni kingo za mito, hausononeki sana maji ya mvua yakituama shambani kwa muda. Mbeya, kuanzia Mei hadi Agosti, ni kama umesimama kabisa. Mwenye mti asiyejua hilo hudhani una njaa au kiu, akaumwagia mbolea na maji ambavyo mizizi iliyolala kwenye udongo wa baridi haiwezi kuvitumia, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Baridi yenyewe si adui mkubwa kama sakitu, yaani umande unaoganda usiku wa baridi kali. Mtende huu ukikomaa huvumilia nyuzi 0, na hata chini yake kidogo kwa saa chache, lakini makuti huungua na kuwa rangi ya kahawia, na mche mchanga unaweza kufa. Kila aliyelima vinyungu, yaani bustani za mabondeni, katika wilaya za Iringa na Njombe anajua mahali sakitu inapopenda kukaa, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na usiku usio na mawingu hutiririka kutoka mlimani hadi bondeni. Kwa hiyo nyumba iliyoko mteremkoni inaweza kuwa salama huku ile ya bondeni, umbali wa kutembea kwa miguu, ikiamka nyasi zake zikiwa nyeupe. Kabla ya kuchagua mahali pa shimo, waulize majirani wanaolima viazi au mahindi ya kinyungu ni sehemu zipi za mtaa huungua. Jibu lao lina thamani kuliko kipimajoto cha mji mzima.

Ndani ya uwanja wenyewe, nafasi bora ni mbele ya ukuta unaotazama kaskazini. Sisi tuko kusini mwa ikweta, Mbeya ikiwa karibu latitudo ya 9, na katika miezi ya kipupwe jua hupita upande wa kaskazini, hivyo ukuta huo hupokea joto mchana kutwa na kulirudisha taratibu usiku. Kuanzia Novemba hadi Januari jua huwa limehamia kusini, na nyumba yenyewe huupa mti kivuli kidogo saa za mchana, kivuli ambacho haukikatai. Ukiacha nafasi ya mita moja na nusu kati ya shina na ukuta, makuti hayatasuguana na plasta, na maji ya paa hayatamwagika katikati ya mti.

Kwa wakazi wa Njombe na Makete sitaki kuwadanganya: kuupanda ardhini mahali penye sakitu ya kila mwaka ni kujitafutia kazi ya kufunika na kufunua. Shemeji yangu wa Njombe anaukuza kwenye chungu kikubwa ambacho hukaa uwanjani wakati wa mvua na kuingizwa barazani kipupwe kinapokaribia, na mti wake ni mzuri. Ila anayetaka kitu cha kupanda na kukiacha hapohapo autafute Trachycarpus fortunei, mti wa jamii hiyohiyo wenye majani ya umbo la upepeo, ambao asili yake ni China na ambao huishi nje hata Uingereza penye theluji. Nao hukua polepole, ingawa baada ya miaka mingi huweza kuupita urefu wa paa, kwa hiyo usiupande chini ya nyaya za umeme. Kwa ndani ya nyumba, penye mwanga hafifu, kuna Chamaedorea elegans kutoka misitu ya Mexico na Guatemala, ambayo kwao huishi chini ya kivuli cha miti mikubwa; jua kali la Iringa huiunguza, na sakitu huiua.

Wakati wa kupanda, watu wengi husubiri mvua ishike kasi. Mimi napendelea Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, udongo ukiwa umeshapata joto, nikamwagilia mwenyewe hadi mvua zinapoanza, ili mizizi iwe na miezi ya kutosha kujijenga kabla ya kipupwe kinachofuata. Shimo liwe pana kuliko kiriba mara mbili lakini lisiwe na kina kirefu kuliko udongo wa kwenye kiriba, kwa sababu shina likifukiwa mti hudumaa na kuoza. Changanya samadi iliyoiva vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi, na katika maeneo ya joto lundo lake huwa mazalio ya chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa minazi na michikichi.

Suala la lishe linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndilo ninaloulizwa zaidi na ndilo linalojibiwa vibaya zaidi. Mmea wa jamii hii ukionyesha njano, mtu wa kwanza kuulizwa dukani hushauri yurea. Ukweli ni kwamba mahali njano ilipo ndipo pa kukuambia kilichopungua. Makuti ya zamani, yale ya chini, yakiwa na madoadoa ya njano au rangi ya chungwa na ncha zilizokauka, upungufu ni wa potasiamu. Yakiwa na mkanda mpana wa njano pembezoni na kijani kibichi katikati, ni magnesiamu. Ikiwa makuti ya chini ni mazima na lile changa ndilo linalotoka dogo, limejikunja na kunyauka, tafuta upungufu wa manganisi, ambao huletwa pia na udongo wa baridi au ule uliowekwa chokaa na majivu kupita kiasi. Yurea peke yake huharakisha makuti mapya na hivyo kuzidisha njaa ya potasiamu. Mimi hutumia mbolea ya NPK yenye potasiamu nyingi, kiganja kimoja kwa mti wa kimo cha kiuno, nikiisambaza mbali na shina, mwanzoni na katikati ya mvua tu. Mvua nyingi za Tukuyu huosha virutubisho hivi, kwa hiyo huko ni vizuri kugawa kiasi hicho katika vipindi vingi vidogo.

Zaidi ya hayo, usikate kuti la chini kwa sababu tu limekuwa la njano. Mti wenye upungufu wa potasiamu huinyonya kutoka kwenye makuti ya zamani na kuipeleka kwenye machanga, na ukiyaondoa, njano hupanda ngazi moja juu. Subiri hadi likauke kabisa. Najua bustani haipendezi hivyo, na wapo mafundi bustani wanaonyoa mti hadi ubaki na makuti manne yaliyosimama wima, lakini huko ni kuudhoofisha kwa makusudi.

Iringa ina tatizo jingine, nalo ni ukavu wa muda mrefu kuanzia Mei na upepo unaokausha ncha. Huko maji mengi mara moja kwa wiki, yakifika chini, ni bora kuliko kikombe cha kila siku, na matandazo ni lazima. Pumba za mpunga zinafaa, na hata maranda ya misonobari kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga, mradi yawe yamekaa na kubadilika rangi, yatandazwe juu bila kuchanganywa na udongo, na yasiguse shina. Miti ya barazani hushambuliwa na utitiri mwekundu wakati wa ukavu. Kuiosha kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya makuti, kwa kawaida kunatosha.

Sakitu ikishapiga, usikimbilie mkasi wala shoka. Mtende una kilele kimoja tu katika kila shina, na kilele kikiwa hai mti utarudi hata makuti yote yakiwa yameungua. Shika kuti changa ambalo halijafunguka na ulivute taratibu: likikataa, subiri joto la Septemba. Likichomoka likiwa na ute na harufu mbaya, kausha shimo lililobaki na upulize dawa ya ukungu yenye shaba, ya aina wanayotumia wakulima wa kahawa wa Mbozi. Baadhi ya miti hupona kwa njia hiyo, ingawa kuti la kwanza kurudi mara nyingi huwa limekunjamana.

Unapokata makuti yaliyokauka, vaa glovu nene na miwani, na usimruhusu mtoto akushikilie. Vijani vya chini kabisa vya kila kuti, karibu na shina, vimegeuka kuwa miiba mirefu migumu, ambayo huingia ndani sana kwenye kidole na kuvunjikia humo. Kwa sababu hiyohiyo mti huu usipandwe kando ya mlango au njia ya kupita watoto. Na kama tayari upo hapo, kata miiba hiyo kwa mkasi wa bustani kila kuti linapofunguka, kwa kuwa kuikata hakuudhuru mti.